Mfuko wa Manjano Usio na Jina

Bi Kuramochi Tokie alizijua siri za mtaa mzima wa Kamitsubo bila kumuuliza mtu. Zilimjia zenyewe kila Jumanne na Ijumaa, kabla ya saa mbili asubuhi, ndani ya mifuko ya manjano inayoonyesha vilivyomo. Alijua nani amerudia sigara na mkewe hana habari, nani ameanza kupaka nywele rangi, nani anapika na nani anajisifu tu kwamba anapika. Jina la mwenye nyumba liliandikwa kwa wino mzito juu ya kila mfuko, kama sheria ya mtaa inavyotaka, kwa hiyo hata kubahatisha hakukuwa na haja.

Kwa miaka kumi na tisa yeye ndiye alikuwa msimamizi wa taka. Cheo hicho hakina mshahara. Kila mwaka mwezi wa nne hupigiwa kura, na kila mwaka wakazi huinamisha vichwa wakajifanya wanatazama mikeka, wasije wakagonganisha macho na mwenyekiti, mpaka Bi Tokie anyanyue mkono na kusema haya, kama hakuna mwingine, atajitolea tena. Husema hivyo kwa sauti ya mtu anayebebeshwa gunia. Kumbe angenyimwa cheo kile angelazwa hospitali. Asubuhi za taka alikuwa wa kwanza kufika kwenye kizimba cha waya pale njia panda, amevaa aproni nyeupe na glavu, akivuta vizuri wavu wa kuzuia kunguru, mkononi ana kijitabu cha vibandiko vyekundu. Kibandiko chekundu maana yake mfuko hautachukuliwa na gari, na chini yake Bi Tokie huandika sababu kwa mwandiko wake mzuri. Mfuko uliobandikwa hubaki kizimbani kutwa, kila apitaye asome, hadi mwenyewe aje kuuchukua akiwa amejifunika kofia. Mzee Ushirogi, mwenyekiti wa mtaa, mtu aliyewahi kuongoza wafanyakazi mia tatu, alibandikwa siku moja kwa ajili ya kifuniko cha chupa ya sosi ya soya. Huu ni mwaka wa tano na bado anaeleza ilivyotokea.

Nyumbani kwa Bi Tokie, jikoni, kulikuwa na sanduku la kadibodi lililovishwa fulana kuukuu ili nzi wasiingie. Ndani yake zilikuwemo pumba za mchele, majani makavu na mabaki ya mezani, na kila siku alilikoroga kwa mwiko na kulipima kwa kipimajoto. Alikuwa analiita mtoto. "Mtoto leo kafika nyuzi hamsini," angetangaza kwa furaha, na mumewe, Mzee Yasuhei, ambaye hakupimwa joto hata alipougua mafua, angeitikia "Ahaa" na kuendelea kusoma gazeti. Yasuhei alistaafu kazi ya kupima mabomba ya maji, na alikuwa mtu wa maneno machache. Watu walisema mabomba yamemfundisha kunyamaza.

Mbolea ilipoiva, Bi Tokie aliigawa kwa majirani. Sasa hapo ndipo kwenye vituko, maana nusu ya Kamitsubo wanaishi ghorofani na shamba lao ni vyungu viwili vya maua. Lakini zawadi haikataliwi, na zawadi ikishapokelewa sharti ijibiwe kwa zawadi. Mzee Ushirogi, ghorofa ya tatu, alikuwa na mifuko saba ya mbolea bafuni, na kwa kila mfuko alikuwa amejibu kwa boksi la biskuti. Biskuti zenyewe kila moja imefungwa peke yake, zimepangwa kwenye trei ya plastiki, trei imo ndani ya boksi, boksi limevikwa karatasi ya maua, na vyote vimo kwenye mfuko wa duka. Bi Tokie aliinama akashukuru, kisha akakaa nusu saa akitenganisha vifungashio kwa makundi ya taka ya mtaa, hii kundi la sita, hii la tisa, hii la kumi na moja. Hakuona ajabu yoyote.

Mwaka huu, mwezi wa nne, mambo yalizidi. Ofisi ya kata ilitangaza kwamba nyumba itakayopitisha mwaka mzima bila kutoa hata mfuko mmoja wa taka za kuchoma itapewa kibao cha shaba cha kutundika mlangoni, kilichoandikwa Nyumba ya Mfano. Bi Tokie alisoma tangazo lile mara tatu, na tangu siku hiyo kibao kile akawa anakiota. Kwake yeye hakuna kitu kilichotupwa tena. Maganda ya figili yalikaangwa kwa sosi ya soya. Mwani uliokwisha kutoa mchuzi ulichemshwa upya. Majani ya chai yalinyunyizwa juu ya wali, na miiba ya samaki ilikaangwa mpaka ikubali kutafunwa. Mzee Yasuhei na sanduku wakawa wanagombea chakula kimoja, ila sanduku halikulazimishwa kusema asante. Mzee alikula akamaliza, akafuta midomo, akasema kwamba kweli leo ni kitamu.

Ni mwezi huohuo wa nne ambapo Mzee Yasuhei alianza kutoka alfajiri, na kila Jumatatu jioni pia, kwenda kunyoosha viungo kwenye uwanja wa watoto, jambo alilolikwepa maisha yake yote, na mkewe akampongeza. Tena ni mwezi huohuo ambapo Bwana Morozumi, mwenye nyumba za kupangisha, alimpokea mpangaji mgeni, binti wa Kivietinamu aitwaye Diem, mfanyakazi wa kiwanda cha vyakula vya boksi. Habari za Diem zilizunguka mtaa mzima kwa siku moja. Habari za mazoezi ya mzee hakuna aliyezijali.

Jumanne iliyofuata kizimbani ulikutwa mfuko usio na jina.

Bi Tokie aliuzunguka kama anayetazama nyoka. Kupitia plastiki aliona trei ya katlesi za viazi kutoka duka la kona, karatasi iliyolowa mafuta, na glasi ndogo ya pombe ya mchele. Glasi, ndani ya taka za kuchoma, haikuoshwa, na kifuniko cha bati bado kiko juu yake! Aliona na vijiti vya kulia, jozi mbili: moja imepakaa sosi, nyingine safi kama ilivyotoka kiwandani. Alitafakari kwa muda, kisha akamweleza Mzee Ushirogi kwamba wahalifu ni wawili. Mmoja anakula, mwenzake anaangalia njia.

Hakuufungua. Bi Tokie aliamini kwamba kutazama kupitia plastiki ni usimamizi, ila kufungua ni umbea, na yeye hakuwa mmbea. Alibandika kibandiko chekundu na kungoja mwenyewe ajitokeze. Hakujitokeza mtu, na baada ya wiki gari la manispaa likauchukua kwa huruma. Jumanne ile ukaja wa pili, halafu wa tatu, kila mara katlesi, kila mara glasi, kila mara vijiti jozi mbili.

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kamitsubo mgeni alikuja, na wenyeji wakapona kweli, maana walipata wa kumsingizia. Kila aliyesimama kizimbani alitazama upande wa nyumba za Morozumi kisha akahema. Bi Tokie mwenyewe hakumtaja mtu. Alimfuata tu Bwana Morozumi, akainama, akasema hamtuhumu yeyote, ila mifuko imeanza alipofika binti yule, mifuko ina vyakula vya kununua, na kazi ya binti yule ni vyakula vya kununua. Alisema akaenda zake na dhamiri yake nyeupe kama aproni. Morozumi naye akampandia Diem ngazi, akamwambia mfuko ukionekana tena atafute chumba kwingine. Diem hakuwa na kwingine. Kiwanda humwajiri mgeni mwenye makazi yanayojulikana, na asiye na makazi hurudishwa kwao. Kule kwao kulikuwa na wadogo zake wawili shuleni na mama mgonjwa wa figo.

Mfuko wa sita uliingia siku ya mvua za mwezi wa sita. Bi Tokie alimwita Mzee Ushirogi, Ushirogi akampigia simu Morozumi, na Morozumi akaja na Diem nyuma yake, tayari amevaa sare ya kiwanda.

"Dada, tulikubaliana nini?" alisema Morozumi. "Mwisho wa mwezi nataka funguo zangu."

"Baba, huo si wangu."

"Kila mtu si wake. Basi umejileta wenyewe kwa miguu."

"Mimi kwa siku nafunga maboksi elfu kadhaa ya chakula," alisema Diem polepole, akichagua maneno. "Nikirudi nyumbani sitaki hata kuyaona. Nakula wali na supu." Kisha akatoa mkobani kitabu cha taka cha mtaa, kile chenye kurasa hamsini na mbili ambacho kila mkazi hupewa na kukitumia kuegeshea sufuria. Cha kwake kilikuwa kimejaa vikaratasi vya rangi pembeni. "Ukurasa wa thelathini na moja. Mfuko usio na jina ukizidi mara tatu, utafunguliwa mbele ya mashahidi watatu, na mwenyewe atatafutwa kwa vilivyomo. Naomba ufunguliwe."

"Kuna ukurasa wa thelathini na moja?" aliuliza Mzee Ushirogi.

Ulikuwepo. Bi Tokie alikuwa ameuandika kwa mkono wake miaka kumi na miwili iliyopita, na katika miaka yote hiyo hakuna binadamu aliyewahi kuutaja. Hakutegemea kwamba siku ukitajwa, utatajwa kwa lafudhi ile. Moyo wake ulifurahi kabla hajauzuia, kama mwalimu anayeona mtoto mmoja tu darasani amefanya zoezi la nyumbani. Alitandaza gazeti chini ya mwavuli wa Ushirogi, akachukua koleo, akafungua fundo.

Vilitoka kimoja kimoja. Ilitoka glasi, na kifuniko chake. Ikatoka trei, imelambwa ikabaki inang'aa, haikuwa na hata chembe ya viazi. Mzee Ushirogi akasema kwa masikitiko kwamba huyu mtu, awaye yote, alikuwa na njaa. Vikatoka vijiti jozi mbili. Mwisho kabisa, chini, Bi Tokie akaona vikaratasi viwili vya kufunikia vijiti. Vilikuwa vimekunjwa. Wapo watu ambao, wakiwa mezani, hukikunja kikaratasi kile wapate pa kuegeshea ncha za vijiti, na kila mtu na mkunjo wake. Huu ulikuwa mkunjo wa sungura, sikio moja limesimama, la pili limelala. Sungura mmoja alikuwa na doa la sosi na mwenzake hakuwa na doa lolote.

Bi Tokie aliweka koleo chini. Mkunjo huo aliujua.

Miaka arobaini na moja iliyopita, kwenye mkahawa wa samaki aina ya mkunga, wazazi wa pande mbili walimkalisha mbele ya kijana mpima mabomba wapate kufahamiana. Yule kijana hakusema neno kwa saa nzima. Mama yake Tokie alikwisha kuanza kumkanyaga chini ya meza kumpa ishara kwamba huyu hafai. Ndipo kijana akachukua kikaratasi chake cha vijiti, akakikunja sungura mwenye sikio moja lililolala, akatazama kilivyo, akachukua na cha Tokie akakunja wa pili, akamsogeza mbele ya Tokie kwa kidole kimoja huku uso umemwiva. Tokie aliolewa kwa ajili ya sungura yule. Kisha miaka ikaja, na cheo kikaja, na mara alipopewa cheo alipiga marufuku vijiti vya kutupa. Mkahawani akawa anakwenda na vijiti vyao mkobani, vimefungwa kwa kitambaa. Hakumwona sungura tena kwa miaka kumi na tisa, na la kusikitisha ni kwamba hakutambua kwamba hajamwona.

Kikulacho ki nguoni mwako. Hasira zilikuja kwanza. Miaka arobaini na moja, kwa katlesi! Kwa glasi isiyooshwa! Halafu akamtazama yule sungura asiye na doa, na vile vijiti jozi ya pili ambavyo havikugusa chakula, na hesabu yake ya wahalifu wawili ikamrudia. Kweli walikuwa wawili. Mmoja alikula, na mwingine alitengewa nafasi yake kwenye benchi la uwanja wa watoto, kila Jumatatu jioni, wala hakuwapo. 

"Vipi, Bi Kuramochi?" aliuliza Morozumi. "Kuna jina?"

Hapakuwa na jina. Palikuwa na vikaratasi viwili vinavyolowa mvua, na katika watu wanne waliokuwepo ni mmoja tu aliyejua kuvisoma. Angevifumbata vingeyeyuka kiganjani. Binti angeondoka mwisho wa mwezi na sanduku lake moja, na mwezi wa tatu mwakani, mwaka wa kata ukimalizika, kibao cha shaba kingetundikwa mlangoni. Bi Tokie alikuwa mtu mwema, lakini nisiwadanganye, wazo hilo alilikaribisha akalitandikia na mkeka, na lilikaa zaidi ya vile ambavyo angependa ijulikane. Diem alikuwa amesimama mvuani, hana mwavuli, ameushika ule ukurasa wa thelathini na moja kwa kidole usije ukafunga.

Bi Tokie alitoa kalamu kwenye mfuko wa aproni, akapiga magoti, akaandika juu ya plastiki ya manjano, kwa mwandiko wake mzuri: KURAMOCHI.

"Ni wetu," alisema.

Hakuna aliyemsadiki. Mzee Ushirogi alivua kofia akasema mama, hii ndiyo roho ya kizamani, mtu anabeba aibu ya mtaa mzima. Morozumi akasema heshima hiyo isipotezwe bure kwa mtu mwingine. Kadiri Bi Tokie alivyokana utakatifu ndivyo walivyozidi kumtakasa, na mvua inawanyeshea. Hapo ndipo Mzee Yasuhei alipotokea kutoka uwanjani, taulo shingoni. Aliona gazeti, akaona trei, akaona jina lake. Akasimama wima kama anayesubiri kupimwa, kisha akainama, akainama zaidi, mpaka taulo likaanguka dimbwini. 

Bi Tokie akageuka kwa Diem akainama vilevile. "Mwanangu, nimekukosea. Nilikuhukumu bila kufungua. Nisamehe."

"Yamekwisha, mama," alisema Diem, naye akainama. Alisitasita kidogo. "Ila ile glasi ni kundi la nane."

Bwana Morozumi akakohoa, akasema kwamba yeye binafsi tangu mwanzo alimwona binti huyu kuwa mtu mwaminifu.

Sheria ya kitabu, ukurasa wa arobaini, inasema nyumba iliyobandikwa mara tatu haiwezi kutoa msimamizi. Huo pia aliuandika yeye. Jumapili wakazi walikutana, vichwa vikainama kama kawaida, safari hii pasipo mkono wa kuwaokoa.  Mwishowe Mzee Ushirogi akauliza ni nani hapa aliyesoma kitabu mpaka mwisho, na katika ukumbi wote ukanyanyuka mkono mmoja, wa yule aliyekisoma na kamusi pembeni. Walimchagua kwa makofi ya watu walioponea chupuchupu. Morozumi ndiye aliyepiga makofi mengi kuliko wote, na wiki hiyo akaziba paa lililokuwa linavuja juu ya kitanda cha msimamizi.

Siku ile ya mvua, walipofika nyumbani, Bi Tokie alikuwa amemkalisha mumewe mezani.

"Kwa nini hukuniambia? Ningekupikia katlesi."

"Ungenipikia," alisema Yasuhei. "Na kesho yake ningekula maganda."

Bi Tokie aliingiza mkono kwenye mfuko wa aproni. Aliweka wale sungura wawili waliolowa katikati ya meza.

"Na huyu wa pili? Alikuwa wa nani?"

Mzee alimtazama kama mtu aliyeulizwa jina la binti yao, Chizuru.

"Wako, Mama Chizuru. Nikikaa kula mkono unakunja wawili wenyewe. Dukani nilikuwa naomba jozi mbili."

Jumatatu iliyofuata, jioni, walikwenda wote kwenye benchi la uwanja wa watoto na katlesi nne za moto. Zilikuwa na mafuta mengi, zilikuwa na chumvi mno, na Bi Tokie alikula mbili akatamani ya tatu. Walipomaliza, Yasuhei alitandaza taka magotini na kuzipanga mwenyewe, taratibu, kama mwanafunzi mbele ya mtahini: trei kundi la kumi na moja, ioshwe kwanza, karatasi ya mafuta ya kuchoma, vijiti vya kuchoma, glasi kundi la nane, kifuniko la saba. Mfuko wa manjano aliokuja nao ulikwisha kuandikwa jina, wala kibao cha shaba hakikutajwa.

"Na hawa?" aliuliza, akinyoosha kiganja. Sungura wawili, kila mmoja na sikio lililolala, na leo wote wana doa.

Bi Tokie, aliyeweza kutaja makundi yote kumi na matano usingizini, aliwachukua akawatia kwenye mfuko wa aproni.

"Hawa hawamo kitabuni," alisema.